Tuta la mto lisijengwe kabla ya hesabu ya maji

Ndugu Mhariri,

Kila masika Ruvu ikifurika, sisi wa Bagamoyo tunadai tuta. Naomba nafasi nieleze kwa nini tuta pekee halitoshi.

Maji yanayozamisha mpunga wetu hutoka mbali, milima ya Uluguru, na huku chini hukutana na bahari. Siku za bamvua, maji yakijaa, mto hukosa pa kumwaga. Unarudi nyuma na kutanda mashambani. Modeli ya mafuriko, yaani hesabu ya kompyuta ya maji yatafika wapi, isiyoingiza kupwa na kujaa itatudanganya, hata kama mvua imepimwa vizuri namna gani.

Tena, ukiinua tuta ukingo mmoja, maji hayapotei. Yanahamia ng'ambo, kwa jirani. Kompyuta inaweza kuonyesha hilo kabla tingatinga halijawashwa, ndipo tulinganishe: tuta lisogezwe mbali na mto ili maji yapate pa kupanuka, au makalavati yaongezwe chini ya barabara (na yazibuliwe matope kabla ya Machi).

Wataalamu pia watuambie wazi kwamba mafuriko ya "miaka 100" ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa nyumba ya kukaliwa miaka 30, hiyo ni karibu nafasi moja kati ya nne ya kufikiwa na mafuriko hayo angalau mara moja.

Naiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ibandike ramani za mafuriko zitokanazo na hesabu hiyo kwenye ofisi za vijiji, na wazee waulizwe maji ya El Nino ya 1997/98 yalifika wapi.

Mkulima wa mpunga,
Bagamoyo