Wauza magari, acheni kuzima taa ya mkanda wa injini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa dizeli hapa Dodoma. Naomba nafasi niseme na wenye yadi na madalali wa magari yaliyotumika, hasa wanaouza Prado na Surf zenye injini ya dizeli ya 1KZ.

Magari hayo yana taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Ikitimia kilomita 100,000 inawaka: badilisha mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu za injini. Lakini inaweza kuzimwa bila mkanda wenyewe kuguswa, na wapo wanaoizima. Mteja anaona dashibodi safi, analipa, anaondoka zake.

Juzi nimeletewa Surf ya namna hiyo, imevutwa kutoka Chipogoro, njia ya Iringa. Mwenyewe, mzee wa vitunguu, anasema ilizima ghafla akiwa mwendoni. Akapiga stata, tena na tena (hapo ndipo wengi huongeza hasara), injini ikawa inazunguka nyepesi, haina kompresheni, yaani haibani hewa. Nikafungua kava: mkanda umekatika, umelowa oili, sili ya kamshafti, ile raba ya kuzuia oili, inavuja siku nyingi. Nikashusha hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Valvu zimepinda, na juu ya pistoni zimeacha alama kama mwezi mchanga. Kamshafti ikisimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi huku pistoni inapanda, na kwenye dizeli nafasi ya kupishana haipo.

Jirani yake alikuja gereji akabisha: Noah yake ya zamani ilikatika mkanda, akafunga mwingine, safari ikaendelea. Hakusema uongo. Noah hiyo ina injini ya petroli ya 3S-FE, na valvu zake hazifikiwi na pistoni. IST ndiyo kabisa, inatumia cheni badala ya mkanda. Ila mzee hakununua Noah wala IST.

Jambo jingine, stika. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda mara nyingi hubandika stika kwenye injini, yenye kilomita na tarehe. Mwaka huandikwa kwa hesabu yao. H22, kwa mfano, yaani mwaka wa 22 wa enzi ya Heisei, ni 2010. Huku watu wanaosha injini kwa presha ing'ae, stika inakwenda na maji. Iacheni. Kama haipo na hamjui mkanda ulifungwa lini, mwambieni mteja hivyo hivyo, mpunguze na bei.

Nawe mnunuzi, ukiambiwa "mkanda mpya huo", omba kava la juu lifunguliwe ukiwapo. Ni boliti chache tu. Anayekataa kuzifungua, mwachie gari lake.

Fundi dizeli,
Chang'ombe, Dodoma