Malalamiko kuhusu bamba la kukinga sampu na dhamana iliyokataliwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: BAMBA LA CHUMA LISILOLINGANA NA MAELEZO YA TANGAZO

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu seti ya mabamba ya kukinga uvungu wa gari langu la 4x4. Tangazo lenu lilisema chuma ni cha milimita 4, boliti ni za daraja la uimara la 10.9, na kwamba mabamba yametengenezwa kwa ajili ya njia za mawe. Kwa maneno hayo ndipo nikalipa. Sasa mawili ya kwanza nimeyakuta si kweli, na la tatu mmelikana wenyewe kwa maandishi.

Gari lilikuwa linashuka kwenye mwamba taratibu, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Tairi za mbele zikapita, kisha uzito wa mbele ukakaa juu ya bamba. Kazi ya bamba hapo ni kuteleza juu ya jiwe na kuupeleka uzito kwenye chesisi. La kwenu likabonyea hadi likaigusa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na sampu ikapasuka kando ya nati ya kumwagia oili. Injini ilizimwa papo hapo. Ingeendelea kunguruma bila oili, beringi na kranki zingeliwa ndani ya muda mfupi, na leo barua hii ingekuwa inadai injini nzima.

Nilipolifungua bamba nililipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), kingoni na katikati: milimita 2.5, rangi ikiwemo. Mtu asiyefahamu anaweza kuona ni tofauti ndogo. Sivyo. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene wake (unene mara unene mara unene), kwa hiyo milimita 2.5 inabaki na takriban robo tu ya ukakamavu wa milimita 4. Mafundi wenu wanalijua hili. Ndiyo maana siamini kwamba ni kosa la kuandika.

Boliti nazo hazina alama yoyote kichwani. Boliti ya 10.9 hugongwa namba hiyo juu ya kichwa chake, na bila namba hakuna anayejua imetengenezwa kwa chuma gani. Tena vichwa vyake vimeachwa vikining'inia chini ya bamba badala ya kuzamishwa, kwa hiyo jiwe hukutana navyo kwanza. Mbili za nyuma zimekatika. Kuzunguka matundu yake bado kuna duara safi la rangi, pale vichwa vilipokaa, na kutoka hapo mkwaruzo mmoja mrefu unaelekea nyuma. Ukiutazama unaona wazi kwamba jiwe lilinasa kichwa cha boliti, likakikata, likaendelea.

Tundu la kumwagia oili pia halilingani na nati ya sampu, hivyo kila kubadilisha oili ni lazima bamba zima lishuke. Hilo ningelivumilia.

Nisilovumilia ni jibu lenu. Mmekataa dhamana kwa sababu gari "lilitumika nje ya barabara". Bamba hili mliliuza kwa kazi gani nyingine? Barabara ya lami haina haja nalo. Anayefunga kinga chini ya gari lake anaiamini mahali ambapo msaada uko mbali, na wapo aliowapakia humo ndani. Kumwuzia mtu huyo bati lililopakwa rangi nyeusi mkaliita kinga ni kumhatarisha, na limeniuma sana.

Ninadai mnirudishie fedha yote ya seti, mlipe gharama ya sampu mpya, oili na kazi ya fundi, na mrekebishe tangazo hilo leo kabla mwingine hajaagiza. Sitaki bamba jingine la aina hiyo hiyo. Wale waliokwisha kulinunua waandikieni mwaeleze unene halisi, maana huenda wako njiani nalo sasa hivi.

Bamba, boliti zilizosalia, sampu iliyopasuka na picha za vipimo ninavyo. Mtumeni mkaguzi wenu aje na kalipa yake. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka shauri hili kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji pamoja na vielelezo vyote.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu