Wanafunzi wa Pemba wapelekwe kwanza Kigomasha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wakuu na wazazi wenzangu wa Pemba kuhusu safari za masomo. Katika skuli anayosoma binti yangu, kila safari inapotajwa fikira huenda Unguja: wazazi huchangishwa nauli ya boti na gharama za malazi, na watoto ambao kwao hakikupatikana kitu hubaki nyumbani. Sina neno na Mji Mkongwe, nao una mengi ya kufundisha. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Pemba anaweza kumaliza skuli bila ya kufika Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa chake mwenyewe.

Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshika, nilikwenda huko na binti yangu pamoja na mjomba wangu, mvuvi wa Tumbe aliyekwisha kuacha bahari. Tulitoka Chake Chake alfajiri na kabla ya magharibi tulikuwa tumesharudi. Ukishapita Konde barabara inaingia katika msitu wa Ngezi, hekta 1,440 za miti mirefu yenye kivuli kizito, na humo ndani unaweza kusahau kabisa kwamba nje kuna upepo. Ukitokea upande wa pili, ndio wa kwanza kukupokea.

Mnara wa taa uliopo pale ulijengwa mwaka 1904, wakati wa Waingereza, nao ni wa chuma. Ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba mguu wa mtu mzima huingia kwa ubavu. Binti yangu alizihesabu kwa sauti mpaka pumzi ikamkata. Tulipofika juu viganja vyetu vilikuwa na chumvi iliyoganda kwenye vyuma, naye alilamba kidole ili ahakikishe. Mimi ilinibidi niufunge mtandio mara mbili chini ya kidevu.

Hapo ndipo mjomba alipoanza kusomesha. Alimwonyesha kwa mashariki ufukwe wa Vumawimbi, ambao jina lake halihitaji kufasiriwa, mawimbi yakiupiga meupe mstari baada ya mstari, kisha akamgeuza atazame magharibi, upande wa Verani, ambako maji yalikuwa yametulia kama ya mtungini ingawa siku ilikuwa ile ile na upepo ule ule. “Kule ni joshini, huku ni demani,” alimwambia, yaani kule ni upande unaopigwa na upepo na huku ni upande uliokingwa. “Nchi ndiyo iliyosimama katikati, mjukuu wangu.” Mtoto huyu alikuwa amehifadhi kitabuni kwamba kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na mtihani wake alifaulu, lakini hakuwa amepata kuona ardhi ikiukinga upepo. Aliuliza mwenyewe iwapo kaskazi nayo ikivuma Verani hubaki shwari, na wakabishana hapo kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeshika reli kwa mikono miwili.

Mbali kidogo kwa upande wa magharibi rangi ya maji hubadilika ghafla, kijani kikawa buluu nzito, kwa sababu mlango wa bahari unaotutenga na bara una kina cha mita mia kadhaa. Mjomba alieleza kwamba usiku wa kusi, upepo na mkondo wa maji vyote vikisukuma kaskazini, taa hii ndiyo waliyokuwa wakiitafuta kwa macho, kwani chombo kikishaipita ras, mbele hakuna tena ardhi ya Pemba ya kukimbilia.

Naomba basi skuli zetu ziipange safari hii, tena katika miezi ya kusi, kwani siku ya shwari mtoto atarudi na picha tu. Inatosha gari ya kukodi na chakula cha kubeba, hakuna kulala. Wasimamizi wa mnara waombwe ruhusa mapema, na watoto wapande wachache wachache pamoja na mtu mzima, maana ngazi zile hazichukui darasa zima. Zaidi ya yote, kila skuli imtafute mzee mmoja aliyevua bahari ile aende nao, na alipwe kwa siku yake kama anavyolipwa mgeni mwalikwa mwingine yeyote. Wazee hao wanapungua. Wangu anasema magoti yanamuuma, lakini ameshaniambia kwamba akiitwa atapanda.

Mzazi,
Chake Chake, Pemba