VAT ikishuka hawasikii, ikipanda wanagonga mlango

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za marehemu baba na sijawahi kuwaandikia, yakiniudhi nafunga gazeti nasonga mbele. Lakini ile habari ya VAT, ushuru unaoongezwa juu ya bei, kurudi asilimia 16 kutoka Januari mosi 2021, mkawapa wenye hoteli nafasi yote walie vile wataumia, imenishinda kumeza. Mteja aliyekuwa ashalipa hamkumuuliza hata mmoja.

Februari 2020, kabla korona haijaingia huku, nililipia vyumba viwili hoteli moja Diani, kaunti ya Kwale, tukae Pasaka. Nililipa yote, si diposti, maana ukimaliza mapema unapewa bei nzuri. Vyumba 80,000, VAT ya 16 ikawa 12,800. Ikaja Machi, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza VAT inashuka hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, na Pasaka haijafika Kwale ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Hoteli ikasema refandi hakuna, sogeza tarehe, bei tutakuachia ile ile. Nikasogeza hadi mwisho wa Desemba, nikawaandikia imeili ya heshima kabisa kwamba jamani tutalala wakati ushuru ni 14, hiyo 1,600 iliyozidi nirudishieni ama watoto wapate hata chakula cha mchana. Wakanijibu VAT inahesabiwa siku pesa imeingia, si siku ya kulala, na yangu ilishaenda KRA, kwa watoza ushuru, kitambo. Nikauliza mtu anayejua haya mambo akaniambia ni kweli, sheria ya VAT ya 2013 inaangalia kilichotangulia kati ya invoisi, malipo na huduma yenyewe. Akaniambia pia anayeuza anaweza kupunguza invoisi aliyoitoa ndani ya miezi sita, na wao Aprili muda walikuwa nao. Hiyo hawakuitaja. Nikasema haya, sheria ni sheria.

Sasa shika hapo hapo. Novemba nikaongeza chumba cha mamangu, usiku tano, 40,000 na VAT ya 14, nikalipa yote siku hiyo hiyo na risiti ya ETR, ile ya mashine ya ushuru, ninayo. Tukaenda, tukalala vizuri, asubuhi ya mwaka mpya nafungua mlango nakuta bili imesukumwa chini, ni ya chumba cha mama, 14 imekatwa kwa biro na juu yake imeandikwa 16, niongeze shilingi 480. Nashuka mapokezi kijana ananiambia madam si sisi, ni serikali, ushuru ni wa siku unayolala. Siku ninayolala! Sasa ile imeili ya mwezi wa nne iliandikwa na nani, na mbona vyumba vyangu viwili vilivyolala Desemba nzuri ya 14 vimebaki na 16 yake na hakuna aliyenipitishia karatasi chini ya mlango kunirudishia kitu? Nikamwonyesha risiti ya Novemba, akaenda akamleta meneja, meneja akasema ni sistimu. Na hizo 480 ukizipigia hesabu ni za usiku tatu, yaani hata ule wa tarehe 31 wameutia ndani, eti unaamkia Januari. Wakati tunabishana hapo mamangu yuko juu kwenye korido na leso yake, ametoka kunywa chai na kadi ya mlango imezimwa. Nikalipa, ningefanya nini, mama wa miaka yake asimame koridoni kwa sababu ya 480?

Na si hoteli peke yake. Supamaketi yetu hapa mtaani, Aprili nauliza mbona sabuni haijashuka wananiambia stoki ni ya zamani. Januari stoki ni ile ile, vumbi ni lile lile, lakini kibandiko cha bei ni kipya. Halafu chenji ya shilingi tatu unapewa peremende, ukitaka kulipa na peremende wanakuangalia kama mgonjwa.

Ushauri wangu kwa KRA ni rahisi. Watoe bango moja, ukubwa wa lile la bei za bia, kila hoteli ilitundike mapokezi: “Hapa VAT ni ya siku ya (weka alama moja tu) kulipa / kulala.” Meneja atie sahihi na namba ya kitambulisho, na bango lisiguswe usiku wa kuamkia mwaka mpya. Wakichagua kulipa wanirudishie 480, wakichagua kulala wanirudishie 1,600. Namba yangu ya M-Pesa wanayo, maana ndiyo waliyoitumia kunitakia heri ya mwaka mpya.

Mama wa vyumba vitatu,
Nakuru