Salamu za Pasaka kutoka Kisumu

Kristo amefufuka! Jamaa na majirani, mlio hapa Kisumu na mlio njiani kuja nyumbani huku nauli zikipanda kama ilivyo ada ya sikukuu, pokeeni salamu zetu za Pasaka. Mvua imeshika na mahindi yamechipuka. Mungu ashukuriwe.

Huku kwetu Pasaka haipiti bila ubishi wa Maandiko. Wakweka (Kanisa la Marafiki) walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua Maseno 1906, na mwaka huohuo Wasabato wakatua Gendia. Wajukuu wa misheni hizo wameoana, na leo wanakaa meza moja, samaki katikati.

Kwetu hoja haikosi kuwa ya koma. Ni lile neno la pili kati ya maneno saba ya msalabani, Yesu alilomwambia mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye, Luka 23:43: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Shemeji yangu Msabato anataka koma ije baada ya "leo": ahadi ilitolewa siku ile, lakini pepo inangoja ufufuo. Wala habahatishi. Ahadi ilitolewa Ijumaa, lakini Jumapili asubuhi Yesu mwenyewe anamwambia Mariamu kwamba bado hajapaa kwenda kwa Baba (Yohana 20:17). Tena hati za kale kabisa za Kigiriki zina herufi zilizofuatana bila nafasi, na alama za vituo ni haba mno. Koma tunazogombania ziliwekwa na wahariri, si Luka.

Mimi humpeleka kwa Petro. Katika Marko 14:30 anaambiwa, "Amin, nakuambia wewe, leo, usiku huu," kwamba atamkana Yesu kabla jogoo hajawika mara mbili, na jogoo hakungoja ufufuo. Shemeji naye hujibu kwamba pale Marko ana kiunganishi cha Kigiriki kinachotenga "nakuambia" na "leo", ilhali Luka hana. Ni kweli, hana. Hata hivyo nabaki upande wangu: "Amin, nakuambia" ni kauli ya Yesu inayojitosheleza kote katika Injili, na sioni kwa nini hapa tu aibebeshe "leo". (Zile siku tatu mchana na usiku za Mathayo 12:40 tusizianze, tutakesha.)

Ninachokipenda katika mabishano haya ni kwamba yanatulazimisha kusoma mstari uliotangulia. Yule mhalifu hakuuliza saa wala mahali. Alisema tu, "nikumbuke." Hapo sote, Wasabato, Wakatoliki na Wakweka, huwa hatuna la kubishana, na mama huchukua nafasi hiyo kuomba dua ya chakula kabla hatujaanza tena.

Kwa waliofiwa mwaka huu, hasa wanaoketi mezani na kiti kitupu, tunawakumbuka kwa majina katika maombi. Wanaosafiri, msiwahimize madereva.

Pasaka njema nyote. Shemeji, Jumapili chakula ni saa saba. Njoo na ile Biblia yako ya Kigiriki, mimi nitakuwa na ugali wa wimbi na hoja mpya.