Kabla ya kulaumu chapa, tazama mgongo wa risiva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dhana iliyokita mizizi kwa wauzaji wa vyombo vya muziki, na hata kwa baadhi ya mafundi, kwamba risiva ya sinema ya nyumbani, yaani chombo kinachopokea sauti ya runinga au muziki na kuikuza kwa ajili ya spika, haipatani na spika zenye amplifaya ndani kama si za chapa yake. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo na muuzaji baada ya kuunguza spika moja, nikaamini kwa miezi kadhaa, hadi nilipong'amua kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimekata kichwa kimoja cha waya wa RCA, ule wa kawaida wa sauti wenye plagi ya pini moja katikati, nikamenya nyuzi zake na kuzibana kwenye vile vibanio vyekundu na vyeusi vya nyuma ya risiva, kisha upande wa pili nikauchomeka kwenye spika. Spika ilitoa mlio mkavu kama bati linalokwaruzwa. Nilipopandisha sauti kidogo tu, ikatoa harufu ya kuungua na kunyamaza.

Hesabu yake si ngumu. Risiva inayotoa wati 100 kwa spika ya omu 8 hupeleka takribani volti 28 kwenye vibanio hivyo, ilhali tundu la kuingizia sauti la spika yenye amplifaya yake kwa kawaida limetengenezwa kwa mawimbi ya volti moja au mbili hivi. Hata kama risiva na spika zangu zingetoka kiwanda kimoja, matokeo yangekuwa yaleyale.

Mahali panapofaa ni kwenye matundu yaliyoandikwa PRE OUT, ambako sauti hutoka ikiwa imekwisha kupita kwenye kidhibiti sauti lakini haijafika kwenye amplifaya za risiva, kwa hiyo rimoti huendelea kuipandisha na kuishusha kama kawaida. Wengi wetu tunafanya jambo hilihili kila siku bila kulitafakari, kwani sabufa yenye umeme wake huchomekwa kwenye tundu la aina hiyohiyo, na sijapata kumsikia muuzaji akidai kwamba sabufa lazima iwe ya chapa ya risiva. Spika za studio, ambazo nyingi hupokea sauti kwa XLR, plagi ya duara yenye pini tatu, nazo zinakubali: waya wa RCA kwenda XLR hupeleka sauti kwenye pini ya 2, na pini ya 3 huunganishwa na ya 1.

Kizuizi cha kweli ni kwamba risiva nyingi za bei ya chini hazina PRE OUT isipokuwa ya sabufa. Hapo watu hukimbilia tundu la hedifoni, ambalo katika risiva nyingi hunyamazisha spika nyingine zote, au tundu la kurekodia, ambalo halifuati rimoti, hivyo sauti hutoka kwa nguvu zake zote mara spika zinapowashwa. Vipo vifaa vya kushusha volti kutoka kwenye vibanio, lakini kwa maoni yangu mwenye risiva ya namna hiyo ni afadhali atafute spika za kawaida zisizo na amplifaya.

Jambo moja lisipuuzwe. Spika hizi na risiva zikisikika zikivuma mfululizo hata pasipo muziki, mara nyingi chanzo ni waya wa ethi wa vyombo viwili kukutana kupitia waya wa sauti. Nimeona watu wakikata pini ya ethi ya plagi ili mvumo uishe, na huko ni kucheza na uhai. Kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, mara nyingi huondoa mvumo bila hatari.

Sikatai kwamba chapa ina uzito mahali fulani. Spika zisizotumia waya mara nyingi huelewana na vyombo vya mtengenezaji wao tu, na baadhi ya seti zinazouzwa pamoja zina plagi za peke yake. Kwa zilizobaki, nawaomba wauzaji, kabla ya kumshauri mteja anunue seti nyingine nzima, wamuulize kama risiva yake ina PRE OUT, na kama hajui, wamwombe picha ya mgongo wake.

Wako,
Msomaji aliyeunguza spika