Mbona cheri zote zimezama chini ya keki?

Kila ikikaribia Krismasi na msimu wa harusi tunatumiwa picha za keki iliyokatwa, juu hakuna kitu, cheri zote zimelala chini zimegandana na karatasi, halafu swali, jamani hizi cheri zenu zina shida gani? Cheri hazina shida wapendwa, shida ni shira.

Cheri ya keki sio tunda bichi wala sio tunda kavu kama zabibu. Kiwandani zinalowekwa kwanza kwenye maji yenye salfa na kalisiamu ili zisioze na zikaze, hapo rangi yote inatoka zinabaki za njano iliyopauka, wanatoa kokwa, wanazichemsha salfa ipungue, wanatia rangi, ndo zinaingia kwenye shira nyepesi, baadae nzito kidogo, hivo hivo kwa siku kadhaa mpaka sukari inafika kama asilimia 70. Hawana haraka, maana ukilitumbukiza tunda kwenye shira nzito moja kwa moja sukari inavuta maji yake nje linasinyaa. Mji wa Apt kule kusini mwa Ufaransa una sifa ya kazi hii tangu zamani sana. Kwa iyo unachonunua kwa sehemu kubwa ni sukari, ni kizito na kinateleza, keki ikianza kupata moto shira inalainika na cheri inashuka taratibu maana hakuna cha kuishika.

Dawa yake ni kuosha. Zikate nusu, kama keki ni ndogo kata robo, weka kwenye chujio, mwagia maji ya uvuguvugu huku unazigeuza kwa mkono mpaka vidole viache kunata. Halafu zikaushe, na hapa ndo wengi wanapoharibu, wanaosha vizuri kabisa wanatikisa mara mbili wanatia kwenye bakuli na maji yake. Zitandaze kwenye kitaulo safi, zifute moja moja, ziache chini ya feni mpaka ukiigusa iwe kavu kweli. Hapo sasa chukua vijiko viwili vya unga, kutoka kwenye unga ule ule uliopima, zizungushie. Ukipaka unga juu ya shira unapata uji tu, ndo maana wengine wanasema mbinu ya unga haifanyi kazi.

Na mchanganyiko wako uwe mzito, ule wa kupiga siagi na sukari, ukiuchota na kijiko usidondoke haraka. Sponji nyepesi ya mayai haibebi cheri hata ufanyeje, kwa sponji weka juu ukishapamba. Na zile cheri za chupa zinazoelea kwenye maji matamu, za kupambia vinywaji, usizitie ndani ya keki, zina maji mengi.

Sasa hili la bei. Mtu anatuambia mbona kule pakiti ni nusu ya bei yenu, sawa, lakini igeuze uangalie. Vile vipande vya pembe nne vyekundu, kijani na njano mara nyingi ni papai bichi lililokatwa likachemshwa kwenye shira ya rangi, na India kuna tunda dogo linaitwa karonda ambalo linatengenezwa hivo hivo na kuuzwa kama cheri. Sio vibaya, papai kwenye mkate wa maziwa ni tamu sana, ila mteja wako akilipia cheri apate cheri.

Rangi nayo tunaulizwa sana. Cheri nyingi zina E127, rangi nyekundu ya kutengenezwa kiwandani, Ulaya wanairuhusu kwenye cheri tu, na Marekani Januari 2025 walitangaza kuiondoa kwenye vyakula, viwanda vikapewa mpaka Januari 2027. Tunazo pia za rangi itokanayo na mimea, ila hizo ukizipika na bekingi soda nyingi zinaweza kugeuka bluu au kijivu, tumia bekingi pauda kwa kipimo. Pia mwenye pumu asome lebo kwanza, salfa huwa inabaki kidogo na kuna watu inawabana kifua.

Tunapima kuanzia robo kilo, na ukitaka kuona lebo ya boksi lenyewe kabla hujalipa tuambie tu tutakutumia picha. Ukifika nazo nyumbani hamishia kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, kwa joto na unyevu wa Dar ukiziacha wazi siku mbili tatu sisimizi wanazijua kabla yako.